SOMO LA MWEZI: BOMA DOGO NDANI YA MUHOGO



Watoto wetu wakirudi kutoka shule hutuonyesha picha ya kitu cha mviringo chenye vidoa vingi ndani, wakatuambia kuwa hiyo ni seli. Wazazi wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la mtihani tu, lisilo na faida shambani. Sivyo. Mtu akiijua seli vizuri atafahamu kwa nini muhogo mchungu uliochemshwa mzima unaweza kumdhuru mtoto, hali ule uliolowekwa, ukapondwa na kuanikwa haumdhuru. Tena atafahamu kwa nini ng'ombe huweza kuanguka ghafula katika shamba la mtama mchanga. Basi na tujifunze.

SELI NI NINI?

Mwaka 1665 Mwingereza aitwaye Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome jepesi, lile litengenezwalo vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Akaona vyumba vidogo vingi vilivyopangana kama masega ya nyuki. Alivipa jina la vyumba vidogo, na jina hilo ndilo lililotufikia sisi kama seli. Kisha, mwaka 1838 na 1839, Wajerumani wawili, Matthias Schleiden na Theodor Schwann, walieleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli.

Seli ni ndogo mno. Katika urefu wa milimita 1 zinaweza kupangwa seli za mmea kuanzia 10 mpaka 100. Nyumba hujengwa kwa matofali, na kiumbe hujengwa kwa seli. Lakini tofali halina uhai, na seli ina uhai: hula, hupumua, hukua, na hugawanyika zikawa mbili.

VYOMBO VYA SELI NA KAZI ZAKE

Fikirini boma la kwetu hapa Katito. Lina ua, lina lango, lina nyumba ya mwenye boma, jiko na ghala. Kila kitu kina mahali pake na kazi yake. Seli nayo ni hivyo hivyo.

1. Ukuta wa seli. Huu ni ua wa boma. Ni mgumu, nao ndio unaousimamisha mmea. Seli za mimea zina ukuta. Seli za watu na wanyama hazina.

2. Utando. Hili ni lango. Huruhusu maji na chakula kuingia, na huzuia visivyotakiwa.

3. Kiini. Hii ni nyumba ya mwenye boma. Ndani yake yamewekwa maagizo ya urithi. Ukipanda kipande cha shina la muhogo mchungu utavuna muhogo mchungu, kwa kuwa maagizo katika kiini ni yale yale.

4. Ribosomu. Hizi ni karakana ndogo ndogo. Hutengeneza protini kwa kufuata maagizo ya kiini. Baadhi ya protini hizo ni vimeng'enya, yaani vitu vinavyofanya kazi ya kukata na kuunganisha vitu vingine.

5. Kloroplasti. Hizi zimo katika sehemu za kijani tu. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dioksidi kutengeneza sukari. Mzizi wa muhogo ulio gizani hauna hizi; badala yake una vifuko vinavyoitwa amiloplasti, ambavyo hugeuza sukari kuwa wanga na kuihifadhi. Unga mweupe unaotuama chini ya beseni umetoka humo.

6. Mitokondria. Haya ni majiko. Chakula huunguzwa humo kwa msaada wa oksijeni, ikapatikana nguvu ya kufanya kazi. Sisi watu, ng'ombe wetu na mimea yetu, sote tuna majiko haya.

7. Vakuoli. Hili ni ghala kubwa lenye maji. Likijaa, jani husimama imara; likipungukiwa, jani hunyauka. Sukari ya miwa ya Muhoroni na Chemelil imewekwa katika maghala haya, na ndiyo sababu kiwandani miwa husagwa kwanza, ili maghala yapasuke na maji ya sukari yatoke.

SUMU ILIYOFUNGIWA

Sasa tufike kwenye muhogo. Ndani ya vakuoli za muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Katika ukuta wa seli mna kimeng'enya kiwezacho kukikata kitu hicho. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Ni kama mtu aliyeweka petroli katika nyumba moja na kiberiti katika nyumba nyingine. Lakini mnyama akiutafuna mzizi, seli hupasuka, viwili vikakutana, na sumu kali ya sianidi hutoka. Kwa njia hiyo mmea hujilinda. Muhogo mtamu una linamarini kidogo, muhogo mchungu una nyingi, na wakati wa ukame huzidi.

Sianidi humfanya nini mtu? Huingia katika majiko ya seli, yaani mitokondria, ikayaziba. Oksijeni imo katika damu, wala seli haziwezi kuitumia. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kulegea, na sumu ikiwa nyingi hufa. Dalili hizi zikitokea baada ya kula muhogo, mpelekeni mgonjwa hospitalini mara moja.

Sumu hii ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa majuma mengi, na chakula kingine kikikosekana, huleta ugonjwa uitwao konzo. Miguu hukakamaa ghafula na haiponi tena. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wala haukutokea Kongo tu. Mwaka 1985, baada ya ukame, ulizuka Tarime, Tanzania, upande huu huu wa Ziwa Victoria. Na huko Bandundu, Kongo, wataalamu walionyesha mwaka 1992 kwamba hatari huongezeka watu wanapopunguza siku za kuloweka muhogo.

Hapo ndipo penye fundisho. Mahindi yakikauka, muhogo ndio unaotuokoa. Lakini wakati huo huo wa ukame sumu yake imezidi, na njaa inamhimiza mama aharakishe kazi. Tusiharakishe.

KAZI YETU NI KUVUNJA SELI

Watu wengine husema moto huua kila sumu. Kwa muhogo mchungu sivyo. Ukiuchemsha mzima, moto huharibu kimeng'enya kabla hakijakutana na linamarini, na linamarini yenyewe haiogopi moto. Hubaki ndani ya chakula, na vijidudu vya tumboni huweza kuigeuza kuwa sianidi. Kwa hiyo kwanza seli zivunjwe, kisha sumu ipewe nafasi ya kutoka hewani, ndipo tupike. Fuateni mambo haya:

Kwanza, menyeni ganda lote, pamoja na lile la ndani lililo nene, kwa maana humo sumu ni nyingi kuliko katika nyama ya mzizi.

Pili, loweka muhogo siku 3 au zaidi, mpaka ulainike kabisa. Vijidudu vya majini hulainisha kuta za seli. Mwaga maji hayo mahali ambapo mifugo hainywi.

Tatu, ponda au kwangua, kisha anika juani mpaka ukauke vizuri.

Nne, kama una shaka juu ya unga, changanya na maji, utandaze juu ya mkeka au sinia uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita 1. Uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sianidi iliyosalia nyingi itatoka hewani. Halafu usonge ugali siku hiyo hiyo. Njia hii ilifundishwa na mtaalamu wa Australia, J. Howard Bradbury.

Tano, majani ya muhogo, ambayo watu wa Pwani huyaita kisamvu, yatwangwe sana kabla ya kuchemshwa, nayo yachemshwe sufuria ikiwa wazi.

Sita, kuleni muhogo pamoja na omena, maharagwe, maziwa au nyama. Mwili hutumia salfa iliyomo katika protini kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali ule. Sisi tulio karibu na ziwa hatuna udhuru wa kula muhogo mtupu.

NG'OMBE NA MTAMA

Mtama una hila ya namna hiyo hiyo. Sumu yake, iitwayo dhurini, imefungiwa katika vakuoli za ngozi ya jani, na kimeng'enya chake kimo katika kloroplasti za seli za ndani. Ng'ombe akitafuna, vyote huchanganyika kinywani na tumboni. Mtama mchanga, machipukizi yanayoota baada ya kuvuna, na mtama ulionyauka kwa jua ndio wa hatari zaidi. Ng'ombe huhema mbio, hupepesuka na kuanguka, na huweza kufa baada ya muda mfupi sana. Msiwaachilie ng'ombe katika mtama kabla haujafika usawa wa kiuno cha mtu mzima, wala katika machipukizi mafupi, na hasa wakiwa na njaa. Aliyeshikwa aitiwe daktari wa mifugo bila kukawia.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI

1. Ni chombo gani cha seli kinachoweka linamarini, na kimeng'enya kimo wapi?
2. Kwa nini muhogo mchungu uliochemshwa mzima si salama, ingawa moto ulikuwa mkali?
3. Sianidi huziba chombo gani cha seli?
4. Kwa nini kiwanda cha sukari na mama anayeponda muhogo hufanya kazi ya namna moja?

Kijana wako wa shule akishindwa kuyajibu, msomee somo hili. Na wewe ukishindwa, usione haya kumwomba akusomee. Elimu ya seli isibaki daftarini. Ifike kwenye kinu, kwenye sufuria na kwenye zizi.