Herufi Zisizobadilika: Jinsi ATPasi Zinavyotambuliwa

ATP ni hazina ya nishati ya seli, na protini ziivunjazo huitwa ATPasi. Protini ni mnyororo wa asidi-amino, kila moja ikiandikwa kwa herufi yake. Mwanafunzi wa Kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu, aweza kuipanga minyororo hiyo sambamba:

Sintasi ya ATP ya bakteria, kipande beta: GGAGVGKT
Kipande alfa: GDRQTGKT
Miosini ya misuli: GESGAGKT

G yatangulia, herufi nne zabadilika, kisha GKT yabaki ilivyo. John Walker na wenzake walieleza alama hiyo mwaka 1982. Ni kitanzi kishikacho fosfati za ATP. Kikiharibika, kazi husimama. Kwa hiyo kimedumu.

Kimelea cha malaria kina protini PfMDR1, yenye sehemu mbili za namna hii. Badiliko la asidi-amino ya 86, linalohusishwa na usugu dhidi ya klorokwini, dawa iliyoachwa Tanzania mwaka 2001, liko nje yake.

Hata hivyo, protini zivunjazo GTP zina alama hiyo pia. Ulinganishaji hudokeza, maabara huthibitisha.