Kukaza Buti kwa Kiingereza

Kiswahili hunyambua kitenzi ili kupata maana mpya: kaza, kazia, kazana. Kiingereza mara nyingi hukiacha kitenzi kilivyo na kukiwekea neno dogo nyuma yake. "Step" ni kupiga hatua. "Step up" ni kuongeza bidii. "We must step up our efforts": lazima tuongeze juhudi. Lakini "step down" ni kung'atuka, kama alivyofanya Papa Benedikto wa XVI mwezi Februari 2013. Ukimwandikia mwajiri "I will step down" ukidhani unaahidi kujituma zaidi, usishangae akitafuta wa kushika nafasi yako!

"Knuckle down" nayo ni kujifunga kibwebwe, hasa baada ya kuzembea. Hapa "down" haimshushi mtu cheo. Kwa hiyo usikariri neno dogo peke yake. Kariri kifungu kizima.

Angalia pia nafasi ya "it". Husemwa "step it up", kamwe si "step up it".

Zoezi: mwenzako amelegea wiki nzima na mtihani ni Jumatatu. Utamwambia kifungu kipi kati ya hivyo vitatu?