Ukitaka Uwakili wa Leba, Anzia Jogoo Road

Umemaliza Kenya School of Law, umekula kiapo, sasa unatafuta pa kutundika kibao. Wenzako wanakimbilia Upper Hill na Westlands. Wewe unaishi Umoja au Donholm, na wateja wa sheria ya ajira wamekuzunguka: masoja wa zamu ya usiku, wapakiaji wa Industrial Area, walimu wa shule za binafsi Kayole, mayaya wa Buruburu. Mtaa huu wa Eastlands ni chuo tosha, ukijua pa kutazama.

1. Karatasi kwanza. Mtu aliyefutwa jana atakusimulia visa vya meneja hadi jioni. Msikilize, kisha uitishe barua ya kuajiriwa, payslipi, barua ya kutakiwa ajieleze, rekodi ya NSSF na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mshahara ukiingia. Hata picha ya daftari la zamu iliyopigwa kwa simu ina thamani. Asipokuwa na mkataba, usimfukuze. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kuuandika ni wajibu wa mwajiri. Asipouleta kortini, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

2. "Mimi ni kibarua tu, wakili." Utayasikia haya mpaka uyazoee, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu ameingia geti lile lile la kiwanda miaka nenda miaka rudi, analipwa Jumamosi, na ameshaamini hana haki yoyote. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema vingine: akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi inayotarajiwa kuchukua jumla ya miezi mitatu au zaidi, sheria humhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye kustahili notisi. Waajiri wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana huwapumzisha vibarua siku chache kisha wakawaita tena. Kwa hiyo chimba tarehe. Kaa na mteja, mpange aliingia lini, alitoka lini, nani alimwita arudi na kwa simu gani.

3. Tenganisha sababu na utaratibu. Mwaka 2013, katika kesi ya mwalimu mmoja dhidi ya Tume ya Huduma kwa Walimu, mahakama iliweka wazi kwamba kumfuta mtu kunahitaji vyote viwili: sababu halali na njia ya haki. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama kazini, tena kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize. Hata anayetuhumiwa kuiba lazima asikilizwe. Soma tena hapo penye lugha. Soja aliyeandikiwa kurasa tatu za Kiingereza cha mawakili na kupewa saa chache za kujibu amekupa hoja, na mawakili wengi huipita bila kuiona.

4. Piga hesabu mbele ya mteja. Wengi huja wakiwa na ndoto ya mamilioni. Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, na hicho ni kilele, hakimu anaweza kukupa miwili tu. Anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi kilele chake ni 216,000, bila kuhesabu notisi na likizo aliyonyimwa, ambayo ni siku 21 za kazi kwa mwaka. Mwambie siku ya kwanza. Akikasirika, heri sasa kuliko siku ya hukumu.

5. Miaka mitatu ya kufungua kesi, basi. Barua za kubembelezana na mwajiri hazisimamishi saa, na jaji hana mamlaka ya kuongeza muda. Kwa madhara yanayoendelea, ni miezi 12 tangu yakome. Andika tarehe ya mwisho juu ya jalada kwa kalamu nyekundu.

6. Jua mlango. Mahakama ya Madai Madogo haisikilizi kesi za ajira, hata deni liwe dogo namna gani. Tangu 2018 mahakimu walioidhinishwa husikiliza kesi za wanaolipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi. Anayepata zaidi aende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

7. "Utanilipa tukishinda" ni mtego. Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya kulipwa endapo tu utashinda. Andika ada, gawanya kwa awamu mteja anazoweza kumudu, toa risiti. Asiye na kitu kabisa mwelekeze Kituo cha Sheria, kinachowahudumia maskini tangu 1973. Na yule broka anayekuletea wateja kutoka getini akidai chake, mkimbie.

8. Uliza kuhusu chama. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh wa vyama vya wafanyakazi alidai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi 1961. Eastlands ina mizizi mirefu ya vyama, lakini wakili mgeni husahau kuuliza swali dogo: wewe ni mwanachama? Mkataba wa pamoja wa chama mara nyingi hutoa notisi na malipo mazuri kuliko sheria yenyewe, na ukiusahau umemnyima mteja pesa zake.

9. Mwajiri wa mtaani naye ni mteja. Mwenye supamaketi ndogo, mwalimu mkuu, mama mwenye yaya: wengi huvunja sheria kwa kutojua. Kumwandikia mkataba mapema ni kazi safi, na hulipa haraka kuliko kumtetea baadaye. Anza na ofisi yako. Karani wako ana mkataba? NSSF yake inalipwa? Mwanafunzi wako wa mafunzo ya vitendo anapata hata nauli ya kumrudisha Dandora? Kama jibu ni hapana, rekebisha wiki hii, kabla hajaja kwako mteja wa kwanza kulalamikia mambo hayo hayo.