Vipandikizi vya Meno kwa Wagonjwa wenye Maradhi Sugu

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo ya madini ya titani inayozamishwa katika mfupa wa taya ili kubeba jino la bandia. Mwaka 1965 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, baada ya kubaini kwamba mfupa hai hushikamana na titani. Kushikamana huko huchukua miezi kadhaa, na ndipo maradhi mengine ya mwili yanapoingilia.

Kwa mwenye kisukari, jina la ugonjwa pekee si sababu ya kumkatalia. Sukari ikidhibitiwa vyema, vipandikizi hudumu karibu sawa na vya mtu asiye na kisukari. Isipodhibitiwa, mishipa midogo ya damu na chembe za kinga hudhoofika, kidonda huchelewa kupona, na baadaye ufizi unaozunguka kipandikizi huvimba na mfupa kulika. Kipimo cha sukari cha asubuhi ya upasuaji hakitoshi, kwani mtu aweza kujinyima wali na chai ya sukari kwa siku mbili tu akatupendeza. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Binafsi, kikizidi asilimia 8 huahirisha.

Linalonitia hofu zaidi ni dawa ambazo mgonjwa hazitaji. Baadhi ya waliougua saratani iliyosambaa hadi mifupani hudungwa asidi ya zoledroniki, ambayo hubaki katika mfupa kwa miaka. Kutoboa taya la mgonjwa wa namna hii kwaweza kusababisha sehemu ya mfupa kufa na kubaki wazi kinywani, hali ngumu mno kutibu. Mgonjwa hujaza fomu kwamba hatumii dawa yoyote, naye hasemi uongo: sindano ya mwisho alidungwa mwaka juzi, katika kliniki nyingine. Hivyo daktari aulize pia dawa zilizokwisha kuachwa, pamoja na mionzi ya kichwa na shingo.

Shinikizo la damu lililotulia si kizuizi. Anayetumia warfarini asiiache kwa hiari yake. Apimwe kwanza kasi ya damu kuganda. Na kwa asiyefaa kupandikizwa, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yangali tiba halali, tena kwa gharama ndogo zaidi.