Kuchagua Programu ya Kuandikia kwa Kompyuta ya Zamani

Mtahiniwa, usikimbilie kutaja programu. Anza kwa kuikagua kompyuta. Hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Mambo ya kukagua:

(a) Mfumo endeshi. Kila programu hutengenezewa mfumo wake. Kwa mfano, LibreOffice 5.4 hufanya kazi kwenye Windows XP, lakini toleo la 6.0 halifanyi.

(b) Prosesa. Programu ya biti 64 haifanyi kazi kwenye prosesa ya biti 32.

(c) RAM na nafasi ya diski. RAM ikiwa ndogo, programu kubwa huenda polepole au hukwama.

Mfano wa swali
Shule ina kompyuta yenye Windows XP na RAM ya MB 128. Katibu anataka kuandika barua, kisha azichapishe kwenye kompyuta mpya yenye Word. Mshauri. (Alama 4)

Jibu
(i) Atumie WordPad, kwa kuwa ni nyepesi.
(ii) Huja pamoja na Windows XP, hivyo hainunuliwi.
(iii) Ahifadhi barua katika muundo wa RTF, ambao Word huufungua.
(iv) Asome barua upya kabla ya kuchapisha, maana WordPad hiyo haikagui tahajia.

Zingatia: Muundo wa DOCX uliletwa na Word 2007. Word 2003 haiufungui bila kiongezi maalumu.

Zoezi: Kwa nini kusakinisha nakala ya wizi ni kosa? Toa sababu mbili.