KUPIMA SIKI: 9,0 AO 8,3?

Wengi walituuliza juu ya nini darasa letu lilirudia kazi moja ya labo mara mbili. Tunawaeleza.

Tulipewa siki ya chupa, ile ya sokoni hapa Butembo. Juu ya chupa iliandikwa 5 kwa 100, ni kusema karibu gramu 50 za asidi asetiki katika litri moja. (Ni asidi ile ile inayochachusha kasiksi ya ndizi ikikaa wazi siku mingi. Ndugu zetu wa Beni wanajua harufu yake, hata wasiokunywa.) Tulipaswa kujua kama chupa inasema kweli.

Tulitia ml 25 za siki katika chupa ya kipimo, tukajaza maji mpaka ml 250. Kwa pipeti tulitwaa ml 10, tukatia katika erlenmeya pamoja na matone mawili ya fenolftaleini. Usivute kwa kinywa, mpira uko. Katika bireti: soda kaustiki, iliyoandikwa 0,1 N.

CH3COOH + NaOH → CH3COONa + H2O

Bireti inasukutwa mwisho kwa soda yenyewe, maana maji yakibaki ndani yanaipunguza nguvu. Erlenmeya ikibaki na maji si kitu, asidi uliyopima ni ile ile. Wengi wetu tulifanya kinyume!

Mwanzo rangi ya waridi inaonekana na kupotea. Ikianza kukawia, funga robine, nenda tone moja moja ukitikisa. Tone linaloacha waridi hafifu kwa nusu dakika ndilo la mwisho. Ikiwa nyekundu sana, umepita, anza tena. Macho yawe sawa na uso wa soda. Kisha rangi itafifia yenyewe sababu ya gazi kaboniki ya hewani, usiongeze kitu.

Basi, vikundi viwili viliandika ml 9,0. Vinne viliandika 8,3. Hiyo 8,3 ilitoka wapi? Ilitoka kwa hesabu ya nyuma, kuanzia yale maneno ya chupa. Sisi tunaoandika tulikuwa katika wale wa 8,3. Tuliona 9,0 kwa macho yetu, tukaogopa, tukafuta.

Mwalimu hakuuliza nani amedanganya. Alipima gramu 1,575 za asidi oksaliki ya fuwele, akaziyeyusha mpaka ml 250: hiyo ni 0,1 N. Kwa ml 10 zake soda ilitumika 10,8, kumbe ingetosha 10. Basi soda yetu ilikuwa 0,0926 N tu. Chupa yake haikufungwa vizuri, ikanywa gazi kaboniki.

Sasa hesabu: 9,0 × 0,0926 ÷ 10 = 0,0833. Mara kumi kwa sababu tulizimua, mara 60 uzito wa asidi: gramu 50. Chupa ilisema kweli. Na 8,3 yetu? Gramu 46. Yaani tulimsingizia mwenye siki kwamba alitia maji.

Juma lijalo tutapima ndimu. Kila kikundi kilete mbili, na biki. Kreyo na gome zimekatazwa labo.