PERIMI: TAYARISHA KWANZA MWILI, NDIPO MOTOKARI



Watu wengi wanakuja dispanseri kutafuta karatasi ya uzima kwa ajili ya perimi ya kuendesha. Wengi wanakuja siku ya mwisho, picha mkononi, na kusema: «Dokta, tia muhuri tu, kesho nina mtihani.» Wengine wanacheka na kusema kwamba mtihani ni wa nini, kwani siku hizi perimi inanunuliwa.

Tuseme kweli: karatasi inaweza kununuliwa. Lakini macho hayanunuliwi. Mguu unaokanyaga freni kwa wakati wake haununuliwi. Na kamioni ya mzigo inayokuja mbele yako katika njia ya Likasi haitauliza kama una muhuri. Kwa hiyo somo la leo ni juu ya mtihani wa njiani: namna ya kuutayarisha kwa mwili mzima, ili siku ya mtihani ufaulu, na siku zinazofuata urudi nyumbani.

1. MTIHANI UNAPIMA NINI?

Inchi yetu ina sheria ya njia, Sheria No 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wewe unayejifunza, uisome pamoja na alama zake mpaka uijue. Jambo la kwanza kila mtu analijua: kwetu tunafuata mkono wa kuume.

Mwenye kukupima ataketi karibu nawe. Atakuomba kuondoka, kusimama, kurudi nyuma, kugeuka kwenye kona, kuondoka katika mlima bila motokari kuteleza nyuma, na kuipanga mahali padogo. Wanafunzi wengi wanadhani anaangalia mikono na miguu tu. Sivyo. Anaangalia macho yako. Je, umetazama kioo kabla ya kugeuka? Je, umemwona mtoto kando ya njia kabla hajakimbia? Je, umepunguza mwendo kabla ya kona, au ndani ya kona? Shofere mzuri anaona kwanza, anafikiri, ndipo anatenda. Kazi hii ya kuona na kufikiri inafanywa na mwili. Mwili ukichoka, au ukilewa, au ukiwa na homa, kazi hiyo inaharibika.

2. MACHO

Jipime mwenyewe nyumbani. Mchana, simama hatua kubwa 20 kutoka motokari iliyosimama, usome namba ya plaki. Funga jicho moja, usome. Funga la pili, usome tena. Kama namba inakuwa kama moshi, usingoje: uje dispanseri. Huko kuna karatasi ya herufi inayosomwa kwa umbali wa metre 5. Kazi yake si kukunyima perimi. Mara nyingi miwani inatosha. Lakini mwenye kupewa miwani ya mbali aivae siku zote za kuendesha, si siku ya mtihani tu.

Uangalie jambo hili: kwa watu wengi, baada ya miaka 40 macho huanza kushindwa kusoma karibu, na wanapewa miwani ya kusoma. Miwani hiyo si ya kuendesha. Ukiivaa njiani, mbali kutakuwa na ukungu.

Wanaume wengine wamezaliwa bila nguvu ya kutenganisha nyekundu na kijani. Wanaweza kuishi miaka mingi bila kujua. Aliye hivi amwambie daktari, na ajifunze mahali pa kila taa: nyekundu iko juu, kijani iko chini.

3. USINGIZI

Hapa nasema hasa na wewe wa kazi ya usiku. Umetoka mgodini asubuhi, umeoga, unakwenda moja kwa moja kwa mtihani. Unajisikia na nguvu. Nguvu hiyo inakudanganya. Mwaka wa 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 bila kulala anatenda kama mtu mwenye gramu 0,5 ya alkoli katika litre moja ya damu. Hakunywa hata tone moja, lakini mikono na akili yake ni ya mlevi.

Jaribu mwenyewe. Mtu mmoja ashike rula ya cm 30 kwa ncha ya juu, wima. Wewe weka vidole viwili chini, karibu na sifuri, bila kuigusa. Aiachilie bila kukuambia, nawe uikamate. Andika sentimetre ulizokamata. Fanya mara kumi ukiwa umelala vizuri, halafu mara kumi ukitoka kazi ya usiku. Rula iliyokamatwa kwenye cm 20 imeanguka muda wa sekunde 0,2. Namba zikipanda, ujue usingizi unakaa pamoja nawe ndani ya motokari.

Basi omba siku ya mtihani ambayo umelala usiku wake. Kama haiwezekani, lala kwanza mchana, ukapimwe siku nyingine. Dirisha wazi, muziki mkubwa na kahawa haviwezi kuchukua mahali pa usingizi.

4. POMBE NA DAWA

Wengine wanakunywa kidogo «kutafuta moyo». Tupige hesabu pamoja. Chupa kubwa moja ya bia, cl 70 hivi, yenye 5% ya alkoli, ina gramu 28 hivi za alkoli. Ini la mtu mzima linaondoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa moja. Kwa hiyo chupa moja inataka saa 3 au 4. Chupa nne zinataka saa 11 au zaidi. Aliyezimaliza katikati ya usiku anafika kwenye mtihani asubuhi na alkoli katika damu. Kuoga maji baridi, kula bukari, kunywa kahawa: hakuna kinachoharakisha ini. Na juu ya lutuku, hakuna anayejua nguvu yake, maana kila mpishi ana kipimo chake. Siku ya mtihani na siku ya mbele yake, usinywe.

Dawa pia zinaweza kuharibu. Dawa nyingine za mafua na za kujikuna, kama klorfenamini na prometazini, zinaleta usingizi. Kinini inaweza kuleta kelele masikioni na kizunguzungu. Mwenye homa ya malaria asiende kupimwa, apone kwanza. Mwenye kifafa, na mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini, aseme kwa daktari bila kuficha. Siri hii ikifichwa, inafunuliwa njiani, kati ya watu.

5. METRE NGAPI ILI KUSIMAMA?

Hili ni ulizo ambalo wengi hulijibu vibaya. Wanahesabu freni tu. Wanasahau kwamba kabla ya mguu kugusa freni, jicho lazima lione na kichwa kikate shauri. Hiyo inachukua sekunde moja hivi kwa mtu mzima asiyechoka. Katika sekunde hiyo motokari inaendelea kukimbia. Kwa lami kavu, na freni nzuri, hesabu ni kama hii:

– mwendo wa km 40 kwa saa: metre 11 za kufikiri, metre 9 za freni; jumla metre 20;
– mwendo wa km 60 kwa saa: metre 17 za kufikiri, metre 20 za freni; jumla metre 37;
– mwendo wa km 80 kwa saa: metre 22 za kufikiri, metre 35 za freni, jumla metre 57.

Metre 57 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Tazama kutoka goli mpaka mstari wa katikati katika uwanja wa Mazembe kule Kamalondo: mtoto akiingia njiani mahali hapo, nawe ukienda km 80, hutasimama mbele yake.

Mvua ikinyesha, metre za freni zinaweza kuwa mara mbili. Hivyo km 60 kwa lami iliyolowa inataka metre 57, sawa na km 80 kwa lami kavu. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, weka hesabu hii kichwani. Na wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa majani yanayochomwa vinafunga macho: usimpite mtu ndani ya vumbi lake, maana huoni anayekuja.

6. MAZOEZI

Kwanza, jifunze na motokari ya namna ile utakayopimwa nayo. Kwetu Katanga kuna motokari nyingi zilizopita Dar es Salaam, na volani yao iko kuume. Ukifuata mkono wa kuume na volani iko kuume, unaketi upande wa mtaro. Ukitaka kumpita mwenye kamioni, unatoa nusu ya motokari nje kabla ya kuona njia. Aliyejifunza na hiyo, akipewa volani ya kushoto siku ya mtihani, mkono wake unatafuta vitesi mahali vilipokosekana. Na upande wa Kasumbalesa kumbuka kwamba mashofere wanaotoka Zambia walikuwa wakifuata mkono wa kushoto katika inchi ile. Aliyechoka anaweza kusahau. Wape nafasi.

Pili, kabla ya kupanda, zunguka motokari. Mgodini, shofere wa kamioni kubwa anazunguka mashini yake kila mara kabla ya kuiwasha. Fanya hivyo hata kwa motokari ndogo: magurudumu, taa, mafuta yanayovuja, na zaidi ya yote mtoto anayecheza nyuma. Ndani, panga kiti ili mguu ukanyage ambreyaji mpaka mwisho bila kujinyosha, kisha vioo, kisha mkaba.

Tatu, sema kwa sauti kila unachoona: «Mtoto kuume. Pikipiki ya manseba nyuma. Kamioni inasimama. Alama ya stop.» Fundi wako atajua kama macho yako yanafanya kazi. Baada ya siku chache utasema moyoni tu.

Nne, uvae viatu vilivyofungwa na vyenye wayo mwembamba. Viatu vizito vya mgodi vinakanyaga freni na ambreyaji pamoja. Viatu vya wazi vinatoka na kuingia chini ya freni.

7. SIKU YA MTIHANI

Kula kidogo, usikae na njaa. Fika mapema. Moyo utapiga mbio, mikono itatoa jasho: hiyo si ugonjwa, ni mwili unaojitayarisha kwa kazi. Vuta hewa polepole kwa pua, itoe kwa kinywa polepole zaidi, mara tano au sita. Usinywe dawa ya kutuliza uliyopewa na jirani.

Ukikosa, usitupe mikono. Motokari ikizimika katika mlima, shika freni ya mkono, washa tena, tazama kioo, ondoka. Anayekupima anataka kuona kama unajua kutengeneza kosa bila kuharibu watu. Na ukishindwa, uliza sababu, rudi kwa fundi, ujifunze sehemu ile. Kushindwa mbele ya mwenye kukupima hakujamwua mtu.

8. KAZI YA JAMAA

Mama, siku ya mbele ya mtihani saidia watoto wanyamaze ili baba apate kulala. Na baba, ikiwa ni bibi yako anayejifunza, fanya vilevile: chukua watoto, pika chai, usimcheke.

Kisha, perimi ikipatikana, kila mtu afunge mkaba. Kugonga kitu kwa mwendo wa km 50 ni kama kuanguka kutoka juu metre 10. Hakuna mama anayeweza kumshika mtoto mikononi kwa nguvu ya namna hiyo. Mtoto akae nyuma, katika kiti chake au amefungwa, asipakatwe mbele. Mkaba wa ncha tatu ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka wa 1959, na Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba mkaba unapunguza karibu kwa nusu hatari ya kufa kwa wale wanaoketi mbele. Shirika hilo lilihesabu watu milioni 1,19 waliokufa njiani katika dunia kwa mwaka wa 2021.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

1. Mtu anayekwenda km 60 kwa saa anapita metre ngapi kabla mguu haujagusa freni?
2. Baba amemaliza chupa mbili za bia katikati ya usiku. Anaweza kuendesha saa ngapi baadaye?
3. Kwa nini volani ya kuume ni hatari unapotaka kumpita mwingine katika njia yetu?
4. Taja dawa mbili zinazoleta usingizi.

Mtoto wa shule asome maulizo, wakubwa wajibu. Na wewe uliyejipima na plaki ukaona moshi, uje dispanseri juma hili, kabla hujalipa fundi wa kukufundisha.